Nani Atakuwa Wasii wa Watoto Wetu?

Katika mambo ambayo sisi Waislamu wa mwambao huyatenda vyema kwa moyo na vibaya kwa kalamu, hatulijui lililo kubwa kuliko ulezi wa watoto waliofiwa. Piteni nyumba kwa nyumba katika Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo au Unguja, mtaona kuwa ni nadra nyumba isiyokuwa na mtoto aliyezaliwa kwingine: mpwa aliyeletwa alipofiwa na babaye, mjukuu anayekaa na bibiye, mtoto wa rafiki aliyefia ugenini. Hapana aliyeandikiana na mtu. Siku ya tatu, khitma ikiisha kusomwa, wazee huulizana kwa sauti ya chini nani atamchukua nani, na kabla ya magharibi watoto wamekwisha gawanywa na nguo zao zimefungwa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Kuna nchi tajiri ambazo mtoto kama huyo hupelekwa kwanza kwa watu asiowajua, na sisi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa kwetu mtoto hakosi mlango wa kubisha.

Lakini wanaouliza swali la pili ni wachache. Mtoto huyu, ambaye tangu babaye alipokata roho amekuwa mwenye mali, ni nani aliye na haki ya kuishika mali hiyo, na haki hiyo ameipata wapi?

Natuchukue mfano. Mtu mmoja ana nyumba ya vyumba sita na duka la misumari na rangi. Afariki ghafula, aache mke mmoja, mtoto mwanamume wa miaka 9, na mabinti wawili walio wadogo kuliko huyo. Wazazi wa marehemu na babu zake wamekwisha tangulia mbele ya haki. Anaye ndugu mmoja wa kiume. Gharama za maziko zikiisha kutolewa, na madeni yakiisha kulipwa, mali iliyobaki hufanywa mafungu 32. Mjane hupata thumuni, yaani mafungu 4. Mafungu 28 yaliyosalia ni ya watoto: 14 ya yule mwana, na 7 kwa kila binti. Ndugu wa marehemu hana fungu, madhali yuko mtoto mwanamume.

Itazameni tena hesabu hiyo. Katika kila shilingi 32 za marehemu, shilingi 28 ni za watu ambao hata mkubwa wao hawezi kutumwa sokoni akarudi na chenji kamili. Nasi twajua yanayotokea. Ami huchukua funguo za duka, kwani watu wote wamwambia kwamba yeye ndiye baba yao sasa. Auza bidhaa, alipe alichoona kinafaa kulipwa, kinachobaki akitie katika biashara yake mwenyewe kwa nia ya kukirudisha. Au mjane ndiye ashikaye droo ya fedha, naye ahesabu kuwa ni mali yake na ya wanawe, chungu kimoja. Miaka 12 yapita. Mwana akiuliza, huambiwa kwamba alisomeshwa na kuvishwa, basi ataka nini zaidi? Huenda ami huyo ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, na mama huyo alikesha usiku mwingi kwa ajili ya watoto wake. Hatuna shaka na mapenzi yao. Lakini aya ya 10 ya Sura ya An-Nisaa, inayosema kuwa wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto, haikumtoa mwenye mapenzi.

Sasa tutazame sheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ana kitabu kiitwacho Minhaj ambacho masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wamekisomesha kizazi kwa kizazi. Humo uwalii wa mali ya mtoto umepangwa hivi: kwanza baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa na yule aliyekufa mwisho kati ya hao wawili, kisha kadhi. Hapo silsila imekwisha. Ami hayumo. Wengi watastaajabu kusoma maneno haya, kwani kwetu imezoewa kwamba ami hurithi funguo kama mwana arithivyo nyumba. Ami aweza kuwa wasii kwa kuandikwa na baba, au aweza kuwekwa na kadhi. Lakini kwa udugu wake peke yake hana amri hata juu ya debe moja la rangi.

Mama naye, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi katika madhehebu yetu, hamo katika silsila hiyo ya mali. Wapo wanaokisoma kipande hiki wakafunga kitabu kwa furaha. Wangalifungua mlango wa wasia, wangaliona kwamba Imamu huyo huyo amesema kuwa mama wa watoto, akiwa na sifa zinazotakiwa, ndiye aliye bora kuliko mtu mwingine kuwekwa wasii wa wanawe. Tena tunajua kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, mtu ambaye hapana amwonaye kuwa mlegevu, alipoandika wakfu wake aliuweka baada yake katika mikono ya binti yake, Bibi Hafsa, ilhali alikuwa na watoto wa kiume wazima. Basi, mama hunyimwa nafasi hii na mumewe aliyelala miaka 15 kitandani pamoja naye asishike kalamu hata dakika kumi kumwandika.

Hili ndilo tulilokusudia kulisema katika makala haya, na mengine yote ni kulifafanua. Baba aliye hai leo, aandike leo nani atakuwa wasii wa watoto wake.

Yapasa kwanza tuzitenge amri tatu ambazo watu huzikoroga katika bakuli moja. Ya kwanza ni ulezi wa mwili, uitwao hadhana: kulisha, kuogesha, kuuguza, kulaza. Huu ni wa mama kwanza, na baada yake mama zake, na kwa jumla wanawake hutangulizwa hapa mpaka mtoto apate kupambanua mambo, yaani umri wa kama miaka 7. Ya pili ni uwalii wa mali, tuliokwisha kuueleza. Ya tatu ni uwalii wa nikaha, na humo baada ya baba na babu huja ndugu wa kiume, kisha wana wao, kisha ami na wanawe, na mwisho kadhi. Ami ambaye hakutajwa katika mali, hapa ametajwa. Na twadhani hapa ndipo watu walipochanganyikiwa, wakaona kwamba mwenye haki ya kuoza ana haki ya kuuza. Kwa hiyo yaweza kuwa mtoto mmoja analala kwa mama wa mamaye, mali yake iko kwa rafiki wa marehemu babaye, na siku ya arusi yake mkono utatolewa na nduguye. Si fujo hiyo. Sheria imewagawia watu kazi kadiri ya wanavyofaa.

Kuhusu hadhana, kipo kisa ambacho kila nyumba yapasa ikijue. Sayyidna Hamza aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akaacha binti mdogo Makka. Mwaka wa 7 Mtume (s.a.w.) aliingia Makka kwa Umra, na alipokuwa akitoka, mtoto huyo alimkimbilia nyuma akimwita ami, ami. Sayyidna Ali akamshika mkono, akampa Bibi Fatima amchukue. Ikazuka hoja baina ya watu watatu. Ali alidai kwamba ndiye aliyemchukua, na kwamba ni binti wa ami yake. Jaafar, nduguye Ali, alidai kwamba ni binti wa ami yake yeye pia, na zaidi ya hayo mama mdogo wa mtoto yumo nyumbani mwake. Kwani mkewe, Bibi Asmaa binti Umais, alikuwa ndugu wa mama wa mtoto. Wa tatu alikuwa Zaid bin Haritha, ambaye hakuwa na damu na mtoto. Lakini Mtume alikuwa amemfungia udugu na Hamza walipohamia Madina, basi alisema kwamba huyu ni binti wa ndugu yake.

Mtume alihukumu mtoto akae kwa mama yake mdogo, akasema kwamba ndugu wa mama yuko mahali pa mama. Kisha akamgeukia kila mmoja wa wale watatu, akamwambia neno jema la kumtukuza, hata hapana aliyeondoka na kinyongo.

Twapenda kukaa kidogo katika kisa hiki. Rafiki wa marehemu hakufukuzwa barazani ati kwa kuwa si wa ukoo. Alisikilizwa sawa na wenye damu. Jaafar hakushinda kwa cheo chake wala kwa kuwa mwanamume wa ukoo, maana katika hilo alikuwa sawa na Ali. Alishinda kwa mkewe. Na katika mapokezi yaliyotufikia, hapana hata mmoja wa wale watatu aliyetaja mali ya mtoto. Waligombania kuubeba mzigo. Sisi leo, tukiona watu watatu wakigombania yatima, jambo la kwanza tuulizalo ni babaye aliacha nini, na aghalabu hatukosei kuuliza.

Rafiki, basi, aweza kuwa wasii. Wala asidhani mtu kwamba ni jambo la kigeni. Abdullahi bin Masud alipousia mambo yake aliyaweka kwa Zubeir bin Awwam na kwa mwana wa Zubeir, Abdullahi. Watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na huo ni mpango wa akili kwa kuwa mzee huenda akafa mapema. Huyo Zubeir aliaminiwa na Masahaba kadhaa juu ya watoto wao. Yote haya yalikuwa kwa kuchagua. Walimchagua kwa kuwa anaweza.

Hapa yatubidi tuseme neno lisilopendeza. Wengi wetu tukitaka kumweka wasii hutafuta mtu mcha Mungu, tukaishia hapo. Ucha Mungu ni sharti, lakini hautoshi. Abu Dharri alikuwa miongoni mwa wakweli wakubwa wa umma huu, na Mtume mwenyewe alimwambia kwamba anamwona dhaifu, basi asikubali kuwa amiri hata juu ya watu wawili, wala asishike mali ya yatima. Akamwambia pia kwamba anampendelea lile analojipendelea nafsi yake. Ikiwa Abu Dharri aliambiwa hivyo, si tusi kumpita kaka yetu mpole ambaye kila mtu humkopa asimlipe, tukamwandika shangazi ambaye kwa miaka 20 ameendesha mama ntilie yake na hajapungukiwa senti. Masheikh wametaja sifa za wasii: awe Mwislamu, baleghe, mwenye akili, mwadilifu, na awezaye kazi yenyewe. Hawakutaja kwamba awe mkubwa wa ukoo.

Mtoto akiisha kuingia nyumbani mwa watu, huja taabu ya sufuria. Zilipoteremka aya kali juu ya mali ya mayatima, Masahaba waliingiwa na hofu hata wakatenga chakula cha yatima na chao, na kinywaji chake na chao. Alichobakisha yatima kikawekwa kando mpaka akile mwenyewe au kioze. Likawa zito kwao, wakamwuliza Mtume, ndipo ikateremka aya ya 220 ya Sura ya Al-Baqara, iliyoruhusu kuchanganya kwa kuwa hao ni ndugu zenu, na kukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anamjua mharibifu na mtengenezaji. Kwa hiyo hapana haja ya kumpikia mtoto wali wake peke yake. Unga, samaki, sabuni na mafuta ya taa, hivyo huchanganywa kwa kadiri ya vichwa. Kodi ya nyumba aliyoachiwa haichanganywi. Hiyo ina daftari lake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimetoka kwa nini. Daftari la watoto wa shule latosha, na mwenye simu aandike katika simu, mradi mtu wa pili aweze kusoma.

Mlezi asiye na kitu aweza kula katika mali hiyo? Aya ya 6 ya An-Nisaa imejibu: tajiri na ajizuie, na maskini ale kwa wema. Wanazuoni wetu wameipimia kibaba ruhusa hiyo, wakasema achukue lililo dogo katika mawili, ujira wa kazi aliyoifanya au haja yake. Bibi anayeacha kuuza vitumbua vyake ili alee wajukuu watatu, hana haja ya kuona haya kuchukua posho ndogo katika kodi ya nyumba yao, ikiwa imeandikwa. Kinachomtia aibu ni kisichoandikwa. Na ambaye yatima wake hana chochote, amkumbuke Bibi Zainabu, mke wa yule yule Ibn Masud, aliyeuliza kama yamfaa kutoa sadaka yake kwa mumewe na kwa mayatima walio malezini mwake. Alijibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka.

Juu ya kuuza nyumba au shamba la mtoto, Minhaj ina neno moja kavu: haliuzwi ila kwa haja, au kwa faida iliyo wazi kabisa. Haja ni kama chakula na matibabu yasiyo na njia nyingine. Kumwozesha ami mke wa pili si haja ya yatima.

Liko na jambo la jina. Wengi, kwa wema na kwa kurahisisha mambo ya shule, humwandikisha mtoto waliyemchukua kwa jina lao kama waliomzaa. Zaid bin Haritha, tuliyemtaja juu, aliitwa Zaid bin Muhammad mpaka ilipoteremka aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab iliyoamuru watoto waitwe kwa baba zao. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Jina ndilo lililobadilika. Mtoto aliyefichwa nasaba yake hupotezewa mirathi ya kwao, na aweza kumwoa nduguye bila kujua. Amwite mlezi baba kwa heshima, hapana ubaya. Cheti cha kuzaliwa kiseme kweli. Na kwa kuwa mtoto wa kulea harithi kwa mlezi wake, mlezi anayempenda ana njia mbili wazi: kumpa hiba akiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali yake. Tumeona watu wakilia kwamba sheria imemwacha mtoto wao wa kulea mikono mitupu, kumbe thuluthi nzima ilikaa ikingoja sahihi.

Haya ya uharimu twayapita upesi. Mtoto mchanga akinyonyeshwa na mke wa nyumba mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, huwa mwana wa kunyonya, na taabu ya kujisitiri atakapokua imekwisha. Asiyenyonyeshwa ataishi nao kwa adabu zinazojulikana.

Wengine watatuambia: hayo ni ya kitabu, lakini sisi twaishi chini ya sheria za serikali. Kweli, na siku hizi mambo haya mawili yamekaribiana kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia mojawapo ya kumtunza mtoto asiye na wazazi. Kenya, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, imeiingiza kafala pamoja na njia nyingine za malezi. Na sheria hiyo yamruhusu mzazi kumteua mlezi wa mwanawe kwa wasia au kwa hati, na isipokuwapo, mahakama humteua. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2011.

Tanzania Bara lipo kosa moja ambalo twaliona kila siku. Jamaa hukaa kikao, humpendekeza mmoja wao, na mahakama ya mwanzo humteua kuwa msimamizi wa mirathi. Huyo kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi kila mtu haki yake, na kurudisha hesabu mahakamani. Akiisha kugawa, amekwisha. Kwetu msimamizi hukaa katika kiti hicho miaka 10, hajagawa, akijiona kuwa ndiye mwenye mali na mwenye watoto. Mjane anayo haki ya kurudi mahakamani hapo hapo na kuuliza hesabu iko wapi, na wala hana haja ya kuomba ruhusa ya shemeji yake.

Karatasi, tena, zisomwe kabla ya kutiwa kidole. Uganda ilibidi ibadili sheria yake ya watoto mwaka 2016, na mojawapo ya sababu ni kwamba amri za ulezi zilikuwa zikitumiwa na wageni kuwachukua watoto na kwenda kuwafanya wana wao wa kisheria ng'ambo, huku baadhi ya wazazi wakidhani mtoto amepata mfadhili wa masomo na atarudi likizo. Sheria hiyo ikaiacha amri ya ulezi kwa raia wa Uganda. Na jamaa zetu walioko Uingereza wajue kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiyekuwa babu, bibi, ndugu, ami, mjomba, shangazi au mama mdogo, sheria yataka halmashauri ya mahali iarifiwe. Rafiki wa mama, hata kama walisoma chuo kimoja Mombasa tangu utotoni, si jamaa kwa hesabu yao. Asiyearifu huonekana ana la kuficha, ilhali anatenda jema.

Mwisho wa ulezi wa mali ni kurudisha, na Qur'ani imeueleza kwa kinaganaga katika aya ile ile ya 6: wajaribuni mayatima mpaka wafike umri wa kuoa, na mkiona kwao busara wapeni mali zao, na mkiwapa wekeni mashahidi. Kujaribu huko si maneno. Masheikh wamesema mtoto wa mfanyabiashara ajaribiwe katika kununua na kuuza, na mtoto wa mkulima katika mambo ya kilimo na kutumia vibarua. Yule mwana wa mwenye duka, tuliyemtaja mwanzo, akitimiza miaka 13 apewe rafu moja ya misumari aiendeshe mwenyewe kwa mwezi, aandike, kisha akae na wasii wake wahesabu pamoja. Dada zake wafanyiwe hivyo hivyo. Wao pia wana mafungu yao. Baleghe kisheria ni kwa alama zake, au kwa kutimiza miaka 15 ya Kiislamu, na benki na ardhi hungoja miaka 18. Hapana mgongano mkubwa hapo, kwani busara iliyotajwa katika aya si lazima ije siku moja na baleghe, na miaka mitatu ya kungoja ni miaka mitatu ya kufundishana hesabu.

Basi twende kwenye kuandika kwenyewe. Mtume amesema kwamba haifai kwa Mwislamu mwenye jambo la kuusia alale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Hauhitaji wakili wala karatasi ya muhuri ili uanze, ingawa ni vizuri baadaye kuupeleka kwa mjuzi. Andika jina lako kamili na la babayo na la babuyo. Wataje watoto wako mmoja mmoja, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Sema: kama babu yao mzaa baba hayupo, namweka fulani awe wasii wa mali ya watoto wangu, na akifa, akikataa, au akishindwa, basi fulani. Kama ni mama yao unayemtaka, na twakunasihi umtake, mwandike kwa jina lake, usiandike mke wangu, kwani mtu huacha na kuoa. Waweza kumshirikisha na mtu wa pili, wasiuze kitu ila kwa sahihi mbili. Andika unachodai na unachodaiwa, amana za watu zilizo kwako, namba za akaunti, hati ya nyumba ilipo, na fedha zilizo katika simu. Usigawe humo mafungu ya mirathi. Hayo yamekwisha gawanywa.

Mwulize wasii kabla ya kumwandika. Kuna watu wanaopata habari ya uwasii wao makaburini, na wengine huukataa hapo hapo, wana haki. Waite mashahidi wawili waadilifu, watie sahihi nawe ukiwaona. Kwa Tanzania Bara, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao watu huujua kwa jina la RITA, hupokea na kuhifadhi wasia. Na Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nakala moja ibaki kwa wasii, na moja nyumbani. Tena mama watoto aonyeshwe imo katika kabati gani, na ufunguo uko wapi.